Mbadala wa Nini? Nzige, Maharage na Ugali wa Ufipa

Tarehe 12 Novemba 2021 Kamisheni ya Ulaya ilipitisha kanuni inayoruhusu nzige kuuzwa kama chakula katika nchi zote za Umoja wa Ulaya. Nzige mwenyewe ni yule anayeitwa kitaalamu Locusta migratoria, na anaruhusiwa kufika mezani akiwa amegandishwa, amekaushwa au amesagwa kuwa unga. Kisheria aliwekwa katika kundi la "vyakula vipya". Upya huo una tarehe yake: chakula ambacho hakikuliwa kwa kiasi cha maana ndani ya Umoja huo kabla ya tarehe 15 Mei 1997 ni kipya, hata kama kwingineko duniani kimeliwa tangu enzi za mababu.

Sina ugomvi na mtu wa Brussels anayekula nzige. Na ale, ashibe. Ninachogombana nacho ni neno tulilolipokea sisi, neno linalojaa siku hizi kwenye semina na maandiko ya miradi: "protini mbadala". Chini ya neno hilo wamewekwa wadudu, jamii ya kunde, uyoga, hata nyama inayokuzwa maabara. Kila ninapolisikia nawaza Ufipa, kwao na mama yangu, na swali langu huwa moja: mbadala wa nini?

Jibu linalotarajiwa ni nyama. Lakini sikiliza jinsi tunavyozungumza nyumbani. Mtu wa Sumbawanga, kama Mtanzania mwingine yeyote, huuliza, "Leo mboga ni nini?" Akajibiwa maharage, au dagaa, au matembele, au nyama. Vyote ni mboga. Nyama ikipatikana ni mboga nzuri zaidi, hakuna anayebisha, lakini inakaa katika kiti kilekile na maharage. Ukitafsiri sahani hiyo kwa lugha ya miradi unaipanga upya: nyama inakuwa mwenye nyumba, maharage yanakuwa mpangaji.

Ufipa ni uwanda wa juu ulio kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Ni nchi ya baridi na nyasi ndefu. Watanzania wengi wanaijua Sumbawanga kwa mambo mawili: vichekesho vya uchawi (ingawa jina lenyewe linaelezwa kuwa na maana ya "tupa uchawi", yaani kinyume cha vichekesho hivyo) na magunia ya mahindi. Msanzi, walikozaliwa wajomba zangu, iko upande wa Kalambo, wilaya iliyomegwa kutoka Sumbawanga Vijijini. Ukiendelea kusini unaufikia mpaka wa Zambia, na ng'ambo yake upo mji wa Mbala, ambao enzi za Waingereza uliitwa Abercorn. Tutarudi Abercorn baadaye, maana ofisi moja ya pale ilihusika sana na habari hii.

Ng'ombe walikuwepo Ufipa, ila hawakuwa ndio msingi wa chakula cha kila siku. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ukaja ugonjwa wa sotoka, ulioshuka kutoka pembe ya Afrika hadi kusini kabisa mwa bara ukiua ng'ombe, nyati na wanyama wengine wenye kwato. Mahali pengine sotoka iliua jamii nzima za wafugaji kwa njaa. Wafipa waliumia, lakini walikuwa na kitu ambacho sotoka haikukigusa: walikuwa wakulima, na ukulima wao ulikuwa wa namna ya pekee.

Namna hiyo inaitwa intumba. Mvua zinapoelekea mwisho, udongo ukiwa bado laini, nyasi hukatuliwa kwa jembe pamoja na udongo wake, zikageuzwa mizizi juu, zikarundikwa kuwa vilima vidogo vya mviringo. Ukisimama mlimani unaona uwanda mzima umetapakaa vilima hivyo, mithili ya vichuguu vilivyopangwa na mtu mwenye subira. Juu ya kilima hupandwa maharage. Yanaota yakitumia unyevu uliobaki, na chini yake nyasi zinaoza polepole. Msimu unaofuata kilima hubomolewa, mboji ikatandazwa, ndipo unasiwa ulezi. Mwaka 1950 M. Lunan aliandika makala nzima juu ya kilimo hiki katika jarida la kilimo la Afrika Mashariki, na nadhani ni mojawapo ya nyakati chache ambapo utawala wa kikoloni ulitazama shamba la Mwafrika ukaona kuna cha kujifunza.

Ni elimu hasa. Ng'ambo ya mpaka, majirani Wabemba walilima kwa kukata matawi ya miti na kuyachoma ili jivu lirutubishe ardhi, na baada ya miaka michache iliwabidi kuhama. Ufipa miti ni michache, kwa hiyo mbolea ilitoka kwenye nyasi, na shamba lilikaa mahali pamoja. Maharage nayo yalifanya kazi mbili. Vinundu vya mizizi yake hukaliwa na bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa mbolea, hivyo ulezi uliofuata ulikuta udongo umelishwa.

Sasa tazama sahani. Nafaka karibu zote zina upungufu wa laisini, mojawapo ya vijenzi vya protini ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea. Maharage yana laisini tele lakini methionini ni haba. Ulezi unaizidi nafaka nyingi kwa methionini, na kwa chokaa ya mifupa hauna mpinzani miongoni mwa nafaka tulizozizoea. Ugali wa ulezi kwa maharage, basi, unatoa protini iliyokamilika karibu na ya nyama, kutoka kwenye shamba lilelile, bila kilo moja ya mbolea ya kununua. Hakuna aliyekaa chini akaupanga mlo huo kwa kikokotoo. Ulipangwa na watu waliotaka kuvuna tena mwaka ujao.

Nisije nikaonekana nasifia "asili safi". Maharage haya ni mgeni, asili yake ni Amerika, kama mahindi. Kabla yake Afrika ilikuwa na kunde na njugu mawe. Wafipa walimpokea mgeni wakampa kazi kwenye kilima, na akaiweza.

Mboga nyingine zilitoka majini na angani. Dagaa na migebuka walipanda kutoka Ziwa Tanganyika wakiwa wamekaushwa kwa jua, na dagaa mkavu zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Kumbikumbi walitoka mvua za kwanza. Na palikuwa na nzige.

Bibi yangu alizaliwa makundi makubwa yakiwa yamekwisha, kwa hiyo habari zake nyingi alizipata kwa mama yake. Nilimuuliza kwa uzito wote wa mwanafunzi mwenye daftari: "Bibi, mlikuwa mnakula nzige?"

"Wakija tulikula. Wasipokuja tulikula maharage. Unataka kujua nini hasa, mjukuu wangu?"

Nikamuuliza wanapikwaje. Unanyofoa mabawa na miguu, akasema, unachemsha kwa chumvi, unaanika, ukitaka unakaanga. Akaongeza kwamba mguu wa nyuma una miiba, ukiuacha utamkwama mtoto kooni. Hayo ndiyo yote aliyoona yanafaa kusemwa.

Nzige wa Rukwa ni nzige mwekundu, Nomadacris septemfasciata. Mwaka 1921 mtaalamu wa wadudu Boris Uvarov alieleza jambo lililobadilisha elimu ya nzige duniani: kwamba nzige wa makundi na panzi fulani wa kawaida, anayeishi peke yake bila kumsumbua mtu, ni mdudu mmoja mwenye hali mbili. Wakibanana sehemu moja hubadilika rangi, tabia, hata umbo, wakaanza kutembea kwa mamilioni. Kwa nzige mwekundu, sehemu za kubanana ni chache. Mojawapo ni mbuga za Mweru wa Ntipa nchini Zambia. Nyingine ni bonde la Rukwa, ambako ziwa halina mto wa kutokea, hujaa na kupungua, na likipungua huacha nyanda tambarare za nyasi zinazompendeza nzige jike kutaga.

Kutoka sehemu hizo lilianza balaa la mwaka 1930 hadi 1944. Makundi yalisambaa karibu kusini yote ya Afrika. Nzige mwekundu hupenda nyasi na jamaa zake, yaani mahindi, mtama, ulezi, mpunga na miwa. Maharage kwa kawaida hayamvutii. Muhogo mzizi wake umo ardhini, hamfikii. Serikali za kikoloni ziliona hilo la muhogo, zikasisitiza kila familia ipande muhogo kama akiba ya njaa, Tanganyika ikiwemo. Kwa upande wa kuzuia vifo vya njaa uamuzi huo ulikuwa na akili. Lakini muhogo mbichi una protini asilimia moja hivi, mbili ukijitahidi. Nzige, aliyekuwa amejaa angani kama wingu, akikaushwa ana protini nusu ya uzito wake au zaidi. Watu walihimizwa wajaze ghala kwa chakula chenye protini haba kuliko vyote walivyovijua, wakati huohuo chenye protini nyingi kikitegewa pumba zilizochanganywa na aseniki, sumu iliyotumika katika nchi nyingi wakati wa balaa lile.

Sidai kwamba balaa lile lingeweza kuliwa likaisha. Kundi la nzige halimalizwi kwa sufuria. Familia iliyopoteza ulezi wake wote haikufidiwa na vikapu vitatu vya nzige, na nikimsikia mtu wa semina akisema "wangewala tu", najua hajawahi kuvuna kitu maishani mwake. Ninachokitazama ni kitu kingine: ni nani aliyehesabu, na alihesabu nini. Katika takwimu za balaa, nzige alikuwa hasara tupu. Kwa mama wa bibi yangu alikuwa hasara na mboga kwa siku moja, na sumu ilipoingia, ile sehemu ya mboga ilifutwa bila kuandikwa popote kwamba ilikuwepo.

Kulikuwa na waliojua kuhesabu vizuri zaidi. Miaka hiyohiyo ya 1930 Audrey Richards, mwanaanthropolojia Mwingereza, aliishi na Wabemba ng'ambo ya mpaka. Alifuatilia chakula chao kikipimwa, na mwaka 1936 yeye na E. M. Widdowson walichapisha uchunguzi wa lishe wa eneo hilo. Kitabu chake cha mwaka 1939 kinawaorodhesha viwavi miongoni mwa vitoweo, bila kushangaa na bila kuona kinyaa. Kilimo, ndoa, kazi za wanaume migodini na njaa ya miezi ya mvua vyote vimo katika hesabu moja.

Mwaka 1949 Shirika la Kimataifa la Kudhibiti Nzige Wekundu likaanzishwa rasmi, makao yake Abercorn. Kuanzia hapo bonde la Rukwa lilichunguzwa kila mwaka, na makundi yalipojitokeza yalipigwa kwa sumu, baadaye kwa ndege. Silaha za zama zile dunia nzima zilikuwa BHC, DNOC na dieldrin. Dieldrin ilisifiwa kwa sababu ilikaa muda mrefu mahali iliponyunyiziwa. Leo imepigwa marufuku na Mkataba wa Stockholm kwa sababu hiyohiyo.

Kazi ya Abercorn ilifanikiwa. Tangu mwaka 1944 halijatokea tena balaa la nzige mwekundu la ukubwa ule, na huo ni ushindi ambao wakulima wa nchi kadhaa wanakula matunda yake bila kujua jina la Abercorn. Lakini nzige aliyenyunyiziwa hafi palepale kila mara. Anaruka, anaanguka kijiji cha pili, anaokotwa. Kuwait, baada ya makundi ya mwaka 1988 na 1989, nzige waliokusanywa kwa ajili ya kuliwa walipimwa wakakutwa na mabaki makubwa ya sumu. Mzazi yeyote mwenye busara akisikia ndege imepita bondeni atamwambia mtoto: usiokote. Ukisema hivyo miaka thelathini, mtoto wa mtoto huyo atakua akiamini kwamba nzige ni uchafu tangu mwanzo.

Wakati nzige anageuka sumu, mahali pengine protini ilikuwa inageuka siasa. Mwaka 1955 Umoja wa Mataifa uliunda Kundi la Ushauri wa Protini, na kufikia mwaka 1968 ripoti zake zilikuwa zikizungumzia mgogoro wa protini unaoinyemelea dunia. Dawa iliyotajwa mara nyingi ilikuwa ya kiwandani: unga wa samaki, unga wa soya, hadi hamira zinazokuzwa kwenye mafuta ya petroli. Mwaka 1974 Donald McLaren akaandika katika jarida la Lancet kwamba shughuli nzima ilikuwa kichekesho kikubwa cha protini; tatizo la watoto wengi lilikuwa kukosa chakula cha kutosha kwa jumla, maradhi, na umaskini. Nikisoma vipeperushi vya leo vya protini mbadala huwa nasikia sauti za 1968, ila safari hii unga ni wa wadudu.

Nchini kwetu muongo huohuo wa 1970 ulikuwa wa mahindi. Serikali ilianza kununua mahindi kwa bei moja nchi nzima, ikapeleka mbolea ya ruzuku, na mkulima wa Ufipa, aliye mbali kabisa na Dar es Salaam, akawa analipwa sawa na wa Morogoro. Gharama ya lori ilikuwa ya serikali. Rukwa ikaingia kwenye Mikoa Minne Mikubwa, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Maksai na plau vikaenea, vikarahisisha kazi ya jembe la mkono. Operesheni Vijiji ikawa imewasogeza watu pamoja, mashamba ya karibu yakalimwa kila mwaka. Intumba inahitaji nyasi ndefu zilizopumzika, nguvu za mikono na nafasi. Kimojawapo kikikosekana, kilima hakisimami. Ulezi ukabaki zaidi kwa pombe na uji.

Kwa jicho la hazina ya taifa haya yalikuwa mafanikio, na mpaka leo Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ana kanda yake Sumbawanga. Ndipo ikaja takwimu iliyonifanya niache mada nyingine zote za tasnifu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulionyesha kuwa asilimia 56 ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Katika utafiti wa mwaka 2022 bado walikuwa karibu nusu, na Iringa ilikuwa juu zaidi. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Mikoa inayoilisha nchi ndiyo inayoongoza kwa watoto wafupi.

Maelezo ya haraka yapo tayari: hawa watu hawana elimu ya lishe. Siyakubali, au tuseme siyakubali yakiwa peke yake. Kudumaa kuna sababu nyingi, ikiwemo maji machafu, kuhara kusikoisha, na mama anayeshinda shambani mtoto akiwa ameachiwa dada wa miaka saba na uji wa mahindi matupu. McLaren angenionya nisiirundikie protini lawama zote, na angekuwa na haki. Ila uji ule wa mahindi matupu una historia. Ulitengenezwa na bei, barabara, mbolea na plau. Maharage bado yanalimwa Ufipa kwa wingi, lakini nayo yamekuwa fedha. Gunia la maharage ni ada ya shule na bati la nyumba, na likishapanda lori halirudi jikoni. Mama wa Msanzi anayeuza maharage akabakiza mahindi anajua thamani ya maharage vizuri sana. Ndiyo maana ameyauza.

Basi mbadala unapaswa kuanzia wapi? Kenya walijaribu kitu mwaka 2021. Nzige wa jangwani walipovamia, kampuni ndogo iitwayo The Bug Picture iliwalipa wanakijiji wa Laikipia na kaunti jirani kwa kila kilo ya nzige waliokusanya usiku, kisha wakasagwa kuwa chakula cha mifugo na mbolea. Ilibidi kwanza kuhakikisha eneo halijanyunyiziwa. Hapo ndipo mdudu na sumu vinapokutana tena, na ndipo, kwa maoni yangu, pesa za protini mbadala zingefaa kwenda kwanza: kwenye kujua nzige yupi ni salama, kabla ya kiwanda cha kumsaga.

Rukwa kuna njia iliyokwisha kufunguliwa. Mwaka 2009, nzige wekundu walipoongezeka katika mbuga za Iku-Katavi, nyanda za Ziwa Rukwa na bonde la Malagarasi, shirika la FAO likishirikiana na shirika la nzige, ambalo sasa makao yake yako Ndola, lilinyunyizia dawa iitwayo Green Muscle katika eneo la hekta 10,000 hivi. Si kemikali. Ni vimbegu vya kuvu, Metarhizium, vilivyochanganywa na mafuta. Kuvu humwota nzige, akadhoofika siku kadhaa, ndege wakamla. Ilikuwa mara ya kwanza kutumika kwa ukubwa huo dhidi ya nzige wa Afrika. Ilichaguliwa kwa sababu nyanda zile zina maji, samaki na wanyama wa hifadhi ambao sumu ya kawaida ingewaua.

Pakiti ya nzige inayouzwa Ulaya inatakiwa kisheria iwe na onyo kwa watu wenye mzio wa kamba, konokono na wadudu wa vumbi. Bibi naye alinionya juu ya miiba ya mguu wa nyuma. Mwezi Novemba, mvua zikianza, nzige mwekundu hushuka kwenye nyanda za Rukwa kutaga, mmoja mmoja, katika nyasi ambazo ziwa limeziacha.